Bastola kuukuu ya shabaha na risasi zinazoikubali

Mtu anayepata bastola ya shabaha ya kaliba .22 ya miaka ya 1950 au 1960, iwe ya urithi au kanunua kwa mlengaji aliyestaafu, swali lake la kwanza huwa ni risasi gani aitie. Sisi tunaozitumia bastola hizi hapa Tabora tumeshazoea kumjibu kwa kumwomba kwanza afungue bastola, atoe springi ya slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma kila unapofyatua) na aiweke mezani. Tukiiona springi ndipo tunaongea habari za risasi. Leseni na kibali cha kununulia tunavihesabu kuwa vimeshapatikana, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kaliba iliyoandikwa kwenye leseni ilingane na iliyochongwa kwenye mtutu.

Hilo la maandishi ya mtutu lisomwe polepole, kwa tochi. Kuna bastola za shabaha zilizotengenezwa kwa risasi fupi ya .22 Short, hasa zile za shindano la kufyatua haraka, na kwa macho zinafanana kabisa na dada zake wa .22 Long Rifle. Walther OSP ni mfano mmoja. Mashindano ya kimataifa yaliiacha risasi fupi baada ya 2004, kwa hiyo bastola hizo zimezagaa kwa bei rahisi na mnunuzi asiyejua anafurahia. Kilichoandikwa "22 Short" hakili Long Rifle. Na iliyoandikwa "22 LR", yaani Long Rifle, ukiitia risasi fupi, itafyatua ila slaidi haitarudi nyuma vya kutosha, na polepole utajenga utando mbele ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa) ambao baadaye utazuia risasi ndefu kuingia.

Turudi kwenye springi. Risasi ya .22 Long Rifle imekuwepo tangu 1887, na ile ya kawaida ina kichwa cha risasi-metali chenye grenji 40, yaani gramu 2.6 hivi. Kwa kasi zinagawanyika makundi matatu. Ya mwendo wa kawaida hutoka kwenye mtutu mrefu wa bunduki kwa mita 320 hadi 330 kwa sekunde. Ya mwendo mkali hufika 365 hadi 385. Halafu zipo za mwendo uliopitiliza, kama CCI Stinger, ambayo imeandikwa futi 1,640 kwa sekunde, sawa na mita 500. Namba zote hizo za kwenye boksi zimepimwa kwa bunduki. Kwenye mtutu wa bastola wa sentimita 14, ile ya kawaida hutoka kwa mita 270 au 280 tu, na kwa karatasi ya shabaha iliyo mita 25 mbele hiyo inatosha na kubaki.

Bastola za shabaha za zamani karibu zote zilipimwa springi kwa mwendo wa kawaida. Colt Woodsman zilizotoka kabla ya 1932 ziliundwa kwa risasi hiyo peke yake. Kiwanda kilibadilisha kipande cha nyuma kinachoshika springi ndipo zikaruhusiwa kula za mwendo mkali. High Standard za shabaha, Hämmerli 208, Margolin ya Kirusi, Walther Olympia: zote ni za familia hiyo hiyo. Ukizilisha risasi kali, slaidi inarudi kwa kasi kuliko springi inavyoweza kuipokea, inagonga fremu, yaani mwili wa bastola, chuma kwa chuma. Haipasuki siku hiyo. Utaona kwanza alama inayong'aa pale slaidi inapogotea, kisha chuma kinavimba ukingoni, kisha ufa mwembamba kama unywele. Vipuri vya fremu havipo. Bastola ikifika hapo imekwisha, na hatuoni sababu ya kuiua bastola ya miaka 60 kwa ajili ya mwendo ambao karatasi haiuhitaji.

Sasa springi yenyewe. Ikiwa imechoka, hata risasi ya kawaida inakuwa kali kwake. Njia ya kujua ni rahisi: tandika turubai upande wa kulia na nyuma yako, fyatua risasi 20, uangalie maganda yameangukia wapi. Kwenye bastola yenye afya na risasi ya kawaida, maganda hujikusanya mahali pamoja, mita moja hadi mbili na nusu hivi. Yakirushwa mita nne na zaidi, springi imelegea au risasi ni kali. Yakidondoka miguuni, au ganda likisimama wima limebanwa kwenye dirisha la slaidi, risasi ni dhaifu, au springi iliyowekwa ni ngumu kupita kiasi, au kuna uchafu. Yakitawanyika huku na kule bila mpango, shuku kucha inayovuta ganda: imelika, au chini yake pameganda nta na masizi. Chokoa hapo kwa kijiti cha meno kabla ya kutoa hukumu juu ya boksi zima la risasi.

Tumeona mtu akibadilisha aina nne za risasi kwa miezi, kumbe tatizo ni chemba. Hapa pana jambo ambalo ni lazima lieleweke kuhusu risasi ya aina hii. Haina fataki katikati ya kitako kama risasi kubwa. Kitako chake kina pindo jembamba linalozunguka, na kiwashio kimo ndani ya pindo hilo, kama hela iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Kiwandani kiwashio hutiwa kikiwa kibichi, ganda huzungushwa kwa kasi, nacho hujipenyeza pembeni. Pini ya bastola inaliponda pindo dhidi ya ukuta wa chemba, na kiwashio kinawaka kwa kubanwa katikati. Kwa hiyo risasi isipokaa hadi mwisho wa chemba, pini inapopiga, nguvu yake inaishia kuisukuma risasi mbele badala ya kuliponda pindo. Unasikia "tik", basi.

Kinachozuia risasi isikae ni kipete cha nta na risasi-metali kinachojijenga mbele ya chemba. Ukimulika kwa tochi ndogo unakiona: mduara wa kijivu, mgumu, unaong'aa kidogo kama sufuria iliyounguzwa ugali pembeni. Brashi ya shaba nyeupe ya .22, matone mawili ya mafuta ya kusafishia, dakika kumi za kuloweka, kisha zungusha brashi pale pale kwenye chemba mara kumi au kumi na tano. Mtutu wote hauhitaji kusuguliwa hivyo kila siku. Chemba ndiyo inayohitaji. Baada ya hapo, mtutu ukiwa umetolewa, risasi inapaswa kuingia kwa uzito wake au kwa kusukumwa kidogo na kidole gumba.

Nimesema kidogo kwa sababu chemba za shabaha zimekazwa makusudi. Nyingine kichwa cha risasi kinagusa mifereji ya mtutu kabla hujafyatua. Zina faida yake kwenye matundu ya karatasi, lakini zina mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, Stinger na nyingine zenye ganda refu kuliko kawaida hazifai humo, na watengenezaji wenyewe wanakataza. La pili, ukiamua kutoa risasi ambayo hujaifyatua, kichwa kinaweza kubaki kimenasa kwenye mtutu, ganda likatoka, na chembe za baruti zikamwagika ndani ya mitambo. Ikitokea, usipakie nyingine. Fungua, pangusa baruti yote, sukuma kichwa kwa ufito wa shaba kutoka mbele kurudi nyuma.

Kuna ugonjwa mwingine wa bastola kuukuu unaosingiziwa risasi: kufyatua tupu. Mwenye bastola wa kwanza alikuwa akizoeza kidole bila risasi ndani, pini ikawa inagonga ukingo wa chemba. Miaka thelathini ya hivyo inaacha kishimo, na pembeni yake chuma kimeinuka kama kijiwe. Ganda lililofyatuliwa litakuonyesha. Liokote, liweke juani, ulizungushe: ukiona mkwaruzo mmoja mnyoofu, daima sehemu ileile, ni hicho kijiwe. Fundi bunduki mwenye kifaa chake anaweza kukirudisha chuma mahali pake kwa dakika chache. Asiguse kwa tupa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo, kwa sababu ukipanua chemba huwezi kuirudisha. Na kuanzia siku hiyo, mazoezi ya kidole yafanyike na ganda lililotumika likiwa ndani ya chemba, likizungushwa kila baada ya pigo.

Bastola ikishakuwa safi, springi ni nzima na chemba haina kovu, sasa uchaguzi wa risasi una maana.

Anza na kichwa. Kiwe cha mviringo mbele, risasi-metali tupu isiyopakwa shaba, chenye nta. Chenye tundu puani au kilichokatwa bapa kinakwama kwenye mteremko wa kuingilia chemba, na magazini (vikasha vya kupakilia risasi) za zamani hazikuundwa kwa ajili yake. Kilichopakwa shaba kinafyatuka vizuri tu, ila huwa ni cha mwendo mkali, na sababu ya kukiepuka tumeshaieleza. Ganda liwe la shaba nyeupe. Beba sumaku ndogo: ikishika ganda, ni la chuma lililopakwa rangi, na kucha ya bastola ya zamani, ambayo huenda huipati tena, itachakaa mapema kwa kuvuta chuma.

Halafu angalia ufungaji. Risasi zilizopangwa 50 moja moja kwenye sinia la plastiki zinafika zikiwa na nta yake na pua yake. Zile zinazomwagwa mia tano kwenye boksi moja zimegongana njia nzima, kutoka meli hadi lori, na mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi hapa si mfupi. Zimimine kwenye kitambaa cheupe na utaona pua zilizobonyea, nta iliyobanduka, na humo humo chache ambazo kichwa kinazunguka ukikishika kwa vidole viwili. Kichwa kinachozunguka kimelegea. Weka pembeni, kwa kuwa huenda kikarudi ndani ya ganda kinapogonga mteremko.

Majina yanayofanya kazi kwenye bastola hizi ni ya kueleweka: CCI Standard Velocity, SK Standard Plus, SK Pistol Match, Eley Target. Zote ni grenji 40, mwendo wa kawaida, risasi-metali yenye nta. Ile ya bei ya juu kabisa, ya bunduki za mita 50, usiikimbilie. Nyingine nta yake ni nyingi na laini, kwenye bunduki ya risasi moja moja ni neema, kwenye bastola ya magazini inaziba. Bei inanunua ulinganifu, hainunui mlio. Risasi ya kati isiyokwama kamwe itakupa pointi nyingi kuliko ya ghali inayokwama mara moja katika kila 50, sababu ukikwama katikati ya mfululizo wa risasi tano, mkono unakuwa umeshapoteza mwendo wake.

Ukipata aina mbili au tatu, zipime hivi. Safisha chemba na mtutu. Fyatua 20 hadi 30 za aina ya kwanza bila kuhesabu matundu. Mtutu unahitaji kupakwa nta ya aina hiyo kabla haujatulia, na anayepima risasi tano za kwanza baada ya kubadilisha anapima mchanganyiko. Kisha egemeza mikono, siyo mtutu, juu ya kiroba cha kilo tano kilichojazwa mchanga mkavu, na ufyatue makundi matano ya risasi 10 kwa mita 25. Slaidi isiguse kiroba. Pima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, katikati kwa katikati. Duara la 10 kwenye karatasi ya kimataifa ya mita 25 lina kipenyo cha milimita 50. Risasi inayoweka makundi yote matano ndani ya milimita 35 inatosha kabisa. Makosa yatakayobaki ni ya mkono. Usichukue kundi dogo kuliko yote ukalitundika ukutani. Chukua lile kubwa kuliko yote, hilo ndilo litakalokutokea siku ya mashindano.

Baada ya matundu, uaminifu. Risasi 200 za aina uliyoichagua, kwa magazini zako zote, tano tano, na kila kukwama kuandikwe kwenye daftari: magazini ipi, risasi ya ngapi, imekwama vipi. Magazini zipewe namba kwa rangi ya kucha kwenye kitako. Mara nyingi daftari linafichua kwamba matatizo yote sita ni ya magazini namba 2, midomo yake imepanuka, na risasi ilikuwa haina kosa. Unapopakia hakikisha pindo la kila risasi ya juu liko mbele ya pindo la iliyo chini yake. Likikaa nyuma yake zinashikana na hakuna springi itakayozipandisha.

Isipowaka, bastola ibaki imeelekea kwenye shabaha na uhesabu hadi 30, kwa kuwa kuna inayochelewa. Kisha itoe, utazame pindo. Alama ya pini ikiwa hafifu, tatizo ni la bastola: springi ya pini, uchafu, au chemba kama tulivyosema. Ikiwa ya kina, pana na nzito, basi pini imefanya kazi yake na kiwashio hakikuwepo pale ilipopiga. Izungushe nusu duara, uirudishe, upige tena. Ikiwaka, umepata jibu: kiwandani kiwashio hakikusambaa kuzunguka pindo lote. Moja katika boksi kumi ni kawaida ya risasi hizi. Tatu katika boksi moja, toleo hilo lote liwekwe kando.

Na ikilia "pup" badala ya mlio wake, simama. Usivute tena hata kama slaidi imejirudi yenyewe na risasi nyingine imeingia. Toa magazini, toa risasi, fungua, pitisha ufito kwenye mtutu. Kichwa kikiwa kimebaki humo na ukafyatua kingine nyuma yake, mtutu unavimba, na mtutu uliovimba ukiutazama kwa ndani una pete ya giza isiyofutika. Maganda yenye masizi marefu upande mmoja ni onyo la mapema kwamba shinikizo ni dogo na ganda halizibi chemba. Ukiyaona mengi, achana na boksi hilo kabla ya "pup" kutokea.

Neno toleo linastahili mkazo. Kwenye mkunjo wa boksi kuna namba, na risasi za namba moja zimetoka kwenye mashine moja kwa baruti na kiwashio cha mkupuo mmoja. Jina lile lile, namba tofauti, matundu yanaweza kutofautiana kuliko tofauti ya majina mawili. Hapa Tabora, ambako duka halina mzigo kila mwezi, ukishapima na kuridhika, nunua zote za namba hiyo ambazo kibali chako kinaruhusu, siku ile ile.

Kisha zitunze. Oktoba chini ya bati, na zaidi ndani ya gari lililoachwa juani, joto linalainisha nta. Wafuga nyuki wetu wanajua nta yao huyeyuka kwenye nyuzi 62 au zaidi kidogo, lakini mafuta ya risasi mara nyingi huchanganywa na shahamu, nayo hulegea mapema zaidi. Ikilegea inateremka kwenye ganda, inashika vumbi jekundu la hapa, na vumbi hilo ni msasa ndani ya chemba. Kuanzia Novemba, mvua zikianza, adui anakuwa unyevu: ungaunga mweupe kwenye kichwa, ukijani kwenye ganda. Kopo la chuma lenye mpira kwenye mfuniko, vifuko viwili vya kukausha unyevu, kwenye kabati la chuma lililofungwa, chumba kilicho katikati ya nyumba, mbali na bati. Bastola isikae kopo moja na risasi. Risasi zisipanguswe kwa mafuta hata kidogo, kwa kuwa mafuta mepesi hupenya kwenye shingo ya ganda na kuua kiwashio. Zilizochafuka, kitambaa kikavu; zilizoota ukijani, pembeni.

Kwenye renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha, funika boksi lililo wazi kwa leso, na pakia kutoka kivulini. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kushika chakula au mtoto, maana kiwashio nacho kina risasi-metali, na moshi wake unakaa kwenye ngozi. Nguo za renji zifuliwe peke yake. Chemba ipitishwe brashi kila baada ya risasi 200, jioni ile ile kabla nta haijakauka, na springi mpya ya slaidi ikiwekwa, tarehe iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, chini ya namba ya toleo la risasi unayoitumia.